Kabla ya kudai "dawa" ya barabara: udongo, saruji na mitaro katika barabara za changarawe Lindi na Mtwara

Msimu wa korosho ukikaribia, malalamiko kuhusu barabara za changarawe huongezeka, na siku hizi huja na swali: kwa nini barabara yetu nayo isimwagiwe dawa ya kugandisha udongo? Swali ni la haki. Teknolojia hizo zipo, na zikiwekwa mahali panapofaa hupunguza sana safari za malori ya kusomba kifusi. Tatizo ni imani kwamba dawa moja inafaa kila udongo.

Dawa za vimiminika vya vimeng'enya (enzymes) hufanya kazi kwenye udongo wenye mfinyanzi wa kutosha. Ukivimwaga kwenye kichanga chekundu, kama kile cha sehemu nyingi za uwanda wa Makonde kuelekea Newala na Tandahimba, umemwaga fedha. Kichanga hushikwa na saruji, ambayo kwa bahati nzuri inatengenezwa Mtwara penyewe. Udongo mweusi wa mabondeni, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, huhitaji chokaa, kwa sababu ukivimba hupasua tabaka la saruji. Ndiyo maana sampuli hupelekwa maabara kabla ya manunuzi. Wananchi wanaosema vipimo ni kuchelewesha kazi tunawaomba waelewe kwamba hapo ndipo fedha zao zinapookolewa.

Chukua kilomita moja yenye upana wa mita 5.5, tabaka la sentimita 15. Hizo ni meta za ujazo 825, takriban tani 1,650 zikishashindiliwa. Saruji ya asilimia 4 ni tani 66, yaani mifuko 1,320 ya kilo 50. Mfuko mmoja unatosha takriban meta 4 za mraba. Mifuko ikipangwa kwa nafasi kubwa kuliko hiyo, yeyote mwenye futikamba anaweza kuigundua kasoro kabla haijafukiwa.

Greda hukwatua udongo, mabonge huvunjwa, saruji husambazwa na kuchanganywa ikiwa kavu, kisha boza hunyunyiza maji. Udongo uliofikia unyevu sahihi ukiufinyanga mkononi hushikana, na ukiubonyeza hukatika bila kulowesha kiganja. Kuanzia maji yanapogusa saruji, rola imalize kazi ndani ya saa 2 hivi. Ikichelewa, saruji huanza kushika, na kuishindilia ni kuivunja. Udongo wa juu wenye mizizi na mboji haufai, kwani mboji huzuia saruji kushika. Kwa walioko pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani: maji ya bahari yasitumike. Chumvi hupanda juu na kulimenya tabaka.

Baada ya hapo tabaka hutunzwa na unyevu kwa siku 7, na barabara hufungwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Vizuizi husogezwa usiku, pikipiki hupita, kisha lori hufuata njia ya pikipiki. Kizuizi hakiwekwi kumkomoa mtu. Kukiondoa kunaweza kukufikisha kwenye vyombo vya sheria na kudaiwa gharama za kurudia kazi. Kazi ipangwe kati ya Juni na Septemba, ili tabaka liwe limekomaa kabla ya malori ya korosho na mvua. Aidha, saruji iliyoachwa wazi husagwa na matairi ikawa vumbi, hivyo lazima ifunikwe kwa lami nyembamba au changarawe. Kwenye miteremko mikali, kama ya kingo za uwanda wa Newala, mara nyingi ni nafuu kumwaga zege la njia mbili za matairi, kila moja upana wa sentimita 90, kuliko kurudisha kifusi kila mwaka.

Hakuna kati ya haya kinachofidia mtaro ulioziba. Barabara ya mita 5.5 inatakiwa iwe juu katikati kuliko pembeni kwa takriban sentimita 14. Mgongo huo ukilala, maji hutuama na tabaka hulainika kutoka chini, liwe na saruji au lisiwe nayo. Inasikitisha kuona mtaro umefukiwa ili gari liingie shambani, ilhali kalavati dogo lingetosha. Na kudai greda lipite kiangazi bila maji si kudai matengenezo: huchuna changarawe iliyoshikana na kuiacha vumbi. Kuchonga hufanyika udongo ukiwa bado na unyevu, mvua zikiisha.

Kuhusu uzito, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, na hadi tani 56 kwa gari zima, kutegemea idadi ya ekseli zake. Ekseli hupimwa kila moja, na pia jumla. Ukiwa ndani ya jumla lakini ekseli ya nyuma imezidi, bado una kosa. Ziada ya asilimia 5 inayovumiliwa kwenye ekseli ni ya tofauti za mizani na kusogea kwa mzigo, si nafasi ya kuongeza magunia. Penye kibao cha uzito mdogo zaidi, kibao hicho ndicho kinachofuatwa.

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za wilaya chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Unapotoa taarifa taja jina la barabara, kijiji, alama iliyo karibu kama kalavati au shule, na ambatisha picha inayoonyesha mtaro pamoja na shimo, kwa kuwa fundi akiona shimo peke yake hawezi kujua maji yametoka wapi.