Sifongo ya kumeza na saratani ya umio

Kila nikieleza kipimo cha sifongo, naulizwa: "Daktari, kwa hiyo kamera basi?" Si basi. Sifongo huchuja watu wa kupelekwa kwenye kamera, ule mrija unaoshushwa kooni kutazama umio (njia ya chakula kwenda tumboni), haishiki nafasi yake.

Kipimo hiki kilibuniwa na timu ya Profesa Rebecca Fitzgerald kule Cambridge, Uingereza. Sifongo hubanwa ndani ya kidonge chenye uzi. Unameza na maji, muuguzi ameshika ncha ya uzi, ganda linayeyuka tumboni, sifongo inafumuka hadi kama sentimita 3. Ikivutwa, inakwangua umio wote na kutoka na seli zipatazo 500,000. (Wachina wa Linxian, mkoani Henan, walikuwa wakimezeshwa puto lenye wavu kwa kazi hiyohiyo miongo kadhaa kabla.)

Huku maabara tunazungusha zile seli kwenye sentrifuji, tunazigandisha kwenye nta, tunakata vipande vyembamba na kuvitia rangi. Seli bapa, yaani ya utando wa ndani wa umio, iliyo salama ni pana, na kiini chake ni kidogo kama punje ya ulezi. Iliyoharibika ina kiini kikubwa, kilichokolea rangi, kingo zimepindapinda, kimebakiza nafasi kidogo tu pembeni. Shida ni kwamba fangasi na asidi ya tumbo navyo huvimbisha viini, ndiyo maana siandiki "saratani" kwa seli mbili tatu za kutilia shaka.

Uingereza wanasaka zaidi umio wa Barrett, yaani seli zinazofanana na za utumbo kuota umioni kwa sababu ya asidi, na rangi inayonasa TFF3, protini ya seli hizo, huzionyesha vizuri. Kwetu, kuanzia Bomet hadi Kilimanjaro, saratani ya umio iliyotawala ni ya seli bapa, na hapo TFF3 haina la kusema. Tusiazime matokeo yao mazimamazima.

Tena seli zilizokwanguliwa haziniambii zimetoka sehemu gani ya umio, wala kama ugonjwa umepenya ukuta wake. Hilo linataka kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa umioni. Daktari wa kamera hunyunyiza iodini ya Lugol: palipo pazima hugeuka kahawia, penye mashaka hubaki peupe, na hapo ndipo anapokata.

Lakini aliyeanza kukwamwa na ugali hadi aushushie kwa maji asipewe sifongo kabisa. Huenda umio umeshabana, na kidonge kinaweza kunasa humohumo. Huyo aende kwenye kamera moja kwa moja, asisubiri majibu yangu.