Mbeleko ya mrija wa mkojo: kina mama wanauliza

Nimezaa sita. Nikikohoa, nikicheka au nikijitwisha gunia la mwani, mkojo unanitoka. Ndiyo uzee?

Si uzee, dada, na si wewe peke yako. Misuli inayobeba kibofu na mrija wa mkojo imelegea, mara nyingi kwa kuzaa. Hedhi ikikatika, hali huzidi. Unene na kikohozi kisichokwisha navyo huchangia. Mkaja tunaofungwa wakati wa arubaini hushika tumbo tu, huku chini haufiki.

Au ni fistula?

Fistula ni tundu kati ya kibofu na uke. Mkojo huvuja usiku na mchana, ukohoe usikohoe. Ukiwa hivyo, hasa baada ya uchungu uliokawia, nenda hospitali upesi. Matibabu yake ni mengine.

Lazima nipasuliwe?

Anza na mazoezi. Kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu hadi tano, achia. Mara 8, kutwa mara 3, kwa miezi 3 isiyopungua. Hata barazani unachambua mchele unaweza, na hakuna atakayejua. Wengi huacha wiki ya pili, kisha husema hayafai.

Yakishindikana?

Ipo operesheni ya utepe. Ifikirie mbeleko: kanga iliyofungwa vizuri haimbani mtoto, lakini akijitupa inamdaka. Utepe wa upana wa sentimita 1 hivi, uliofumwa kwa nyuzi za polipropilini (aina ya plastiki), hupitishwa chini ya mrija wa mkojo bila kukazwa. Ukikohoa, mrija huuegemea na kujifunga. Daktari hukata kidogo ndani ya uke, na vitundu viwili juu ya kinena au pembeni kwenye manena. Ni kama nusu saa, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili yake. Daktari Ulf Ulmsten wa Uswidi na wenzake ndio walioitangaza mwaka 1996.

Ndoo na magunia yangoje wiki 6 hivi. Tendo la ndoa pia, kwa hiyo mume aambiwe mapema. Kama bado unataka kuzaa, kwa kawaida hushauriwa umalize kwanza.

Mbona nasikia Uingereza waliisimamisha?

Kweli, Julai 2018, baada ya wanawake kulalamikia maumivu na utepe kuchomoza ukeni. Wengine hubaki wakikojoa kwa shida. Utepe ni wa kudumu, na kuutoa ni kazi nzito. Unaweza pia kutengenezwa kwa utando wa tumbo lako mwenyewe, ila kidonda chake ni kikubwa zaidi. Muulize daktari bila kuona haya: umeshafanya wangapi? Nikipata tatizo, nani atanitazama?

Na swala?

Tone likitoka, udhu umetenguka. Tawadha upya, na nguo iliyopata isafishwe. Asiyeweza kabisa kuuzuia ana hukumu yake, muulize sheikh.

Nianzie wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu, wapime mkojo kama una maambukizi. Kisha omba rufaa, Mnazi Mmoja kwa Unguja, au Abdulla Mzee pale Mkoani kwa Pemba. Ukiona haya mbele ya daktari mwanamume, omba mkunga akae nawe. Usiseme “tumbo linauma”. Sema: “Mkojo unanitoka nikikohoa.”