Chuma au Kipandikizi Kinachoyeyuka: Kiwiko Kilichovunjika Kinahitaji Nini?

Wagonjwa wanaotaka kiwiko kiungwe kwa "vitu vinavyoyeyuka" wanaongezeka, na malalamiko ya wanaoambiwa havitawafaa yanaongezeka pia. Tunaelewa hamu ya kuepuka upasuaji wa pili wa kutoa chuma. Hata hivyo, kinachoamua ni namna mfupa ulivyovunjika.

Ncha ya kiwiko huvutwa na msuli wa nyuma ya mkono kila unapojaribu kuunyoosha. Ikivunjika na kuachana, kwa kawaida tunatumia sahani au waya za chuma, zinazoshika imara ili mgonjwa aanze mazoezi mapema. Kiwiko kikifungwa muda mrefu hukakamaa. Pini na skrubu zinazoyeyuka, nyingi zikiwa za polima (aina ya plastiki) ya asidi ya laktiki au glikoliki, ni dhaifu zaidi. Hufaa kwa vipande vidogo visivyovutwa kwa nguvu, kama baadhi ya mivunjiko ya kichwa cha rediasi, mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba. Za glikoliki hupoteza nguvu ndani ya wiki chache. Za laktiki huweza kuchukua miaka kuisha mwilini.

Kuyeyuka hakuondoi wajibu wa kurudi kliniki. Wapo wanaovimba na kutoa majimaji miezi kadhaa baadaye bila maambukizi yoyote, na pini ya polima haionekani kwenye eksirei.

Chuma kina kero yake. Ngozi ya kiwiko ni nyembamba, hivyo wengi huumia wanapoegemea meza na huomba kitolewe. Lakini madai kwamba chuma "kinaharibu damu" yanatisha watu bure, na tumechoka kuyasikia. Kisicholeta shida kinaweza kubaki maisha yote.

Anayekuja kutolewa chuma husaini fomu mpya ya ridhaa. Ile ya upasuaji wa kwanza haitumiki. Alete rekodi yenye stika za vipandikizi, kwani skrubu za watengenezaji tofauti huhitaji bisibisi tofauti. Kwa nusukaputi, chakula kiachwe angalau saa 6 kabla, maji matupu saa 2. Aliyekula huahirishwa, hata akiwa amesafiri usiku kucha.

Waya zinazoshika mfupa wa mtoto, ambazo ncha zake zimeachwa nje ya ngozi, kwa kawaida hutolewa kliniki baada ya wiki 3 hadi 4, mara nyingi bila nusukaputi. Zisivutwe nyumbani. Sehemu ikitoa usaha, au mtoto akipata homa, aletwe siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kadi.