Farasi "wa uhakika" wa Melbourne Cup

Jumanne ya kwanza ya Novemba, siku ya mbio za farasi za Melbourne Cup, ni sikukuu jijini Melbourne, na familia nyingi za Australia hubeti siku hiyo tu kwa mwaka. Wengi huamini farasi mwenye malipo madogo, yaani anayewalipa kidogo waliombetia akishinda, amethibitishwa na wataalamu. Sivyo. Katika kamari ya mfuko wa pamoja, madau yote hukusanywa, mwendeshaji wa kamari hukata chake, kinachobaki hugawiwa walioshinda. Malipo yakiwa madogo, maana yake pesa nyingi zimemwelekea farasi huyo, zikiwemo za shangazi aliyependa jina lake. Umati hupatia mara kadhaa, sikatai. Lakini mwaka 2015 Prince of Penzance, akiendeshwa na Michelle Payne, mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo, alishinda kwa malipo ya 100 kwa 1, yaani faida ya 100 kwa kila 1 iliyobetiwa.