Shaba, Vichuguu na Urani: Tunayoambiana Lubumbashi na Yaliyo Kweli

Hakuna dhana inayonikera hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kama hii ya kwamba shaba ya Katanga, eneo letu hili, iligunduliwa na Wabelgiji. Utaisikia hata kwa waliosoma: mji ulianzishwa 1910 ukaitwa Élisabethville, Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ikajenga tanuri, ndipo shaba ikaanza kutoka. Mwaka huo ni wa kweli. Lakini pale Naviundu, pembezoni mwa mji wetu huu huu, wanaakiolojia walikuta mabaki ya kazi ya kuyeyusha shaba ya karne ya 4. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,500 kabla Union Minière haijaundwa mwaka 1906.

Wengine hukubali hilo, kisha wanasema ile misalaba ya shaba ya kale ya Katanga ilitokana na wamisionari. Sivyo. Kwenye makaburi ya Sanga, katika bonde la Upemba, wafu walizikwa na misalaba hiyo tangu karne ya 14 hivi, wakati huku hakujafika padri wala mchungaji. Ukipata nafasi, utazame mmoja kwa karibu. Mikono yake minne ni minene, imekaa kama herufi X. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa kwenye kifereji kilichochongwa ardhini, ikaachwa ipoe bila kifuniko. Ya zamani ni mikubwa na haifanani. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, ya kipimo kimoja, kwa sababu ilikuwa imegeuka fedha ya kununulia na kulipia. Mimi huvutiwa sana hapo: kulikuwa na mafundi waliokubaliana kipimo, na wateja waliokiamini. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa kwenye bendera yake.

Na tanuri za mafundi wale zilijengwa kwa nini? Kwa udongo wa kichuguu.

Vichuguu vyetu navyo vimezushiwa mengi. Mgeni akivikuta njiani hudhani ni vilima vya kawaida, au udongo uliosukumwa na tingatinga. Ni mchwa tu waliojenga, punje kwa punje, na vingine hufika mita 8 kwenda juu. Wengi pia humweka mchwa ukoo mmoja na siafu, kumbe ndugu zake wa karibu ni mende. Lakini lililonishangaza kuliko yote ni umri. Watafiti walipima kwa kaboni vichuguu vya msitu wa miombo karibu na Lubumbashi, wakakuta kimoja kilichohamwa kina zaidi ya miaka 2,000. Kwa hiyo kilikuwepo tayari fundi wa Naviundu alipowasha moto wake! Leo mtu wa matofali anakikata kwa sululu, udongo unatoka laini, unanata viganjani, hauna kokoto, maana mchwa hupandisha chembe ndogo tu. Simlaumu, nyumba zetu zimetoka humo. Ila natamani vile vikongwe vibakizwe hata vichache.

Kuhusu bukari, yaani ugali wetu wa mahindi, nitasema kwa kifupi, najua wazee hawatafurahi: mahindi si ya mababu wa mababu zetu. Yametoka Amerika, sawa na muhogo unaotupa sombe, mboga ya majani yake, yakaingia Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka Atlantiki. Kabla ya hapo watu walisonga ulezi na mtama.

Sasa urani. Mtaani husemwa kwamba bomu la Hiroshima lilitengenezwa Shinkolobwe, mgodi wa urani wa hapa Katanga, au kwamba Wamarekani waliiba mawe yetu usiku. Mawe yaliuzwa. Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi Staten Island, New York, mwaka 1940, na jeshi la Marekani likayanunua 1942. Bomu lenyewe lilihitaji kazi kubwa huko Marekani, kwa kuwa katika kila atomi 1,000 za urani, 7 tu ndizo za aina iliyotakiwa. Kinachoniuma ni kwamba jina la Sengier limo vitabuni, na ya wachimbaji waliobeba mawe hayo kwa mikono huyakuti.

Dhana ya hatari zaidi ni kwamba urani huwaka gizani, kwa hiyo jiwe lisilong'aa halina neno. Urani haing'ai yenyewe. Mawe yake yanaweza kuwa meusi, ya manjano au ya kijani, mazuri hata kwa mtoto kuyachezea. Madhara yako kwenye vumbi linalovutwa na kwenye gesi ya radoni inayojikusanya shimoni, isiyo na rangi wala harufu. Shinkolobwe ilifungwa rasmi kwa amri ya rais mwaka 2004. Anayekwambia kwamba ameingia usiku, hakuona mwanga wowote, kwa hiyo hakuna tatizo, mwambie mwanga si kipimo.