Kufupisha mwendo wa mkono wa gia kwenye Subaru Impreza WRX

Wenye Impreza WRX za gia za mkono wanaoniletea magari yao hapa Arusha huwa na ombi linalofanana: wanataka mwendo wa mkono wa gia ufupishwe, ili kutoka gia ya pili kwenda ya tatu kusiwe safari. Ombi hilo ni halali, na kazi yenyewe si ngumu kwa fundi mwenye subira. Hata hivyo, mara nyingi nikiushika mkono huo na kuutikisa gari likiwa limezimwa, ninabaini kuwa kinachomkera mwenye gari si urefu wa mwendo bali ulegevu wa bushi zilizokwisha, yaani vipande vya mpira vinavyoshika viungo vya mkono huo. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na kifaa anachotaka kununua, yaani mkono mfupi, kinatibu moja tu.

Tuanze na namna gari hili lilivyoundwa. Kwenye WRX za umbo la GC8, na zile za GDA zilizotengenezwa hadi mwaka 2007, giaboksi ni ya gia tano, nayo imelala kwa urefu wa gari nyuma ya injini. Mkono wa gia umekaa nyuma zaidi, kwa hiyo hauingii ndani ya giaboksi moja kwa moja kama ilivyo kwenye Mazda MX-5. Ncha yake ya chini imeshikwa na fimbo ya chuma inayokwenda mbele hadi kwenye giaboksi, na pembeni mwa fimbo hiyo kuna nyingine ambayo kazi yake si kusogeza kitu, bali kulishikilia egemeo la mkono lisihame. Fimbo hiyo ya pili imefungwa kwa bushi upande wa giaboksi na kwa mpira upande wa bodi, na kiungo cha fimbo ya kwanza nacho kina bushi zake. Gari lililotumika Japani miaka kadhaa, kisha likatumika Tanzania miaka mingine mingi, haliwezi kuwa na mpira mzima hapo kama haujawahi kubadilishwa.

Aliyepitia somo la sayansi shule ya msingi anazikumbuka nyenzo: egemeo, jitihada na mzigo. Mkono wa gia ni wenzo wa daraja la kwanza, na kufupisha mwendo wake ni kubadilisha uwiano kati ya kipande kilicho juu ya egemeo na kile kilicho chini yake. Chukua mfano wa mkono wenye sentimita 20 juu na sentimita 4 chini, yaani uwiano wa 5 kwa 1. Fimbo ikihitaji kusogea milimita 12 ili gia iingie, kiganja chako kitasafiri milimita 60. Ukirefusha kipande cha chini kikawa sentimita 5, uwiano unashuka hadi 4 kwa 1 na kiganja kinasafiri milimita 48, pungufu ya asilimia 20. Fimbo bado inasogea milimita 12 zilezile, kwa sababu ndani ya giaboksi hakuna kilichobadilika.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio ambao wauzaji huupitia haraka. Ikiwa fimbo inahitaji msukumo wa newtoni 200, kwa mkono wa zamani ulitoa newtoni 40, na kwa huu mpya utatoa 50, yaani nyongeza ya asilimia 25. Ulichopunguza kwenye mwendo umekilipa kwenye nguvu, na hakuna kifaa cha bei yoyote kinachokwepa deni hilo. Kwa dereva anayezunguka Njiro na kurudi mjini, nyongeza hiyo haichoshi, na wengi huipenda kwa sababu mkono unakuwa na uzito unaoeleweka. Tatizo huanza pale uwiano unapopunguzwa kupita kiasi. Mkono wenye mwendo uliopungua kwa asilimia 40 utakuwa mgumu asubuhi yenye baridi ya Julai kiasi kwamba dereva ataanza kuupiga kwa kiganja, na hapo ndipo sinkronaiza zinapoumia, yaani ringi za ndani ya giaboksi zinazosawazisha kasi kabla gia haijaingia.

Suala la sinkronaiza linastahili kuelezwa polepole. Tuseme injini iko mizunguko 6,000 kwa dakika katika gia ya pili yenye uwiano wa 1.9, nawe unataka ya tatu yenye uwiano wa 1.3. Kwa kasi ileile ya gari, shafti inayoingia giaboksi inapaswa kushuka hadi karibu mizunguko 4,100 kabla meno hayajakutana. Kazi ya kuipunguza, pamoja na sahani ya klachi iliyofungwa juu yake, inafanywa na ringi ndogo inayojikaza juu ya koni na kusuguana nayo, na msuguano huo unataka muda, hata kama ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Mwendo mfupi hauharakishi kazi hiyo hata kidogo. Unachofanya ni kuufikisha mkono wako kwenye kizuizi cha ringi mapema zaidi kuliko zamani. Dereva mzuri atausikia ukinzani huo, atasubiri kidogo kwa mgandamizo laini, na gia itaingia yenyewe. Anayesukuma kwa nguvu anaila ringi. Kwa sababu hiyo, gari ambalo gia yake ya pili tayari inakwaruza silifungii mkono mfupi mpaka giaboksi ifunguliwe, kwani ulegevu na mwendo mrefu ndivyo vilivyokuwa vinamficha mwenye gari asione hali halisi ya ringi zake.

Oili nayo ina sehemu yake. Giaboksi ya gia tano ya Subaru hutumia oili moja pamoja na difu ya mbele, takriban lita 3.5, na kiwango kinachotakiwa ni GL-5 (daraja la ulinzi wa meno dhidi ya mgandamizo) chenye uzito wa 75W-90, kwa kuwa meno ya difu yana mgandamizo mkubwa. Kuna ushauri unaozunguka kwamba GL-4, daraja lililo chini yake, hulainisha gia, na kwa magari mengine una mantiki, lakini kwenye Subaru hii anayeufuata anabahatisha na difu yake.

Narudi kwenye bushi, maana ndizo ninazoanza nazo kila mara. Weka gari gia ya tatu, zima injini, kisha usogeze mkono kushoto na kulia bila kuulazimisha. Ukiyumba kama mwiko ndani ya sufuria ya uji, shida yako iko kwenye viungo. Bushi mpya za mpira wa kiwandani hurudisha hisia ya gari likiwa jipya, na wapo wateja ambao baada ya hapo huahirisha mkono mfupi kabisa. Bushi za poliyurithani, aina ya plastiki, ni ngumu zaidi na huondoa ulegevu karibu wote, ila hupitisha mtetemo wa injini hadi kiganjani na kelele hadi ndani ya gari. Kwa gari la kila siku napendelea poliyurithani kwenye viungo vya fimbo na mpira wa kawaida pale fimbo ya pili inapokutana na bodi. Hata ukiamua kufunga mkono mfupi, bushi zibadilishwe kwanza, kwa sababu uwiano mdogo hauondoi ulegevu: milimita moja iliyopotea kwenye kiungo inabaki sehemu ileile ya mwendo wa fimbo.

Anayetaka kuonja kabla ya kununua anaweza kuanza na kichwa kifupi cha mkono wa gia. Ukipunguza kipande cha juu kutoka sentimita 20 hadi 16 bila kugusa cha chini, uwiano unakuwa 4 kwa 1 vilevile. Ubaya wake ni kwamba kiganja kinashuka chini na kuwa mbali na usukani. Kichwa kizito cha chuma nacho kinasaidia kwa namna nyingine, kwani uzito wake ukishaanza kusogea hubeba sehemu ya msukumo.

Wenye STI za gia sita, toleo lenye nguvu zaidi la WRX, wasome maelezo ya kifaa mara mbili, kwa sababu mkono wao una pete ya kuinua inayovuta kebo ili gia ya kurudi nyuma ifunguke, na mkono wa gia tano hauna nafasi ya kebo hiyo.

Kwenye kufunga, sehemu inayopuuzwa zaidi ni buti ya mpira ya ndani, ile iliyofichika chini ya ngozi unayoiona ukiwa umekaa. Kazi yake ni kuzuia joto la egzosi, kelele na vumbi. Kwa barabara zetu za changarawe, buti iliyochanika au kurudishwa vibaya huingiza vumbi laini linalochanganyika na grisi kwenye egemeo na kuwa msasa kamili. Egemeo jipya hulegea kabla ya wakati wake, na lawama huangukia kifaa. Safisha kila kitu kabla ya kufunga, paka grisi safi, na buti ikiwa na ufa wowote nunua nyingine.

Kipande cha chini kikiwa kirefu, kiungo nacho hushuka karibu zaidi na propela shafti na ngao ya joto ya egzosi. Kabla gari halijateremka kwenye jeki, zima injini, ingiza gia zote tano na ya nyuma huku mtu mwingine akiangalia chini kwa tochi, na kila gia iingie hadi mwisho pasipo kiungo kugusa chochote. Gia isiyoingia hadi mwisho itaruka kutoka ukiwa unapanda mlima. Baada ya wiki chache za matumizi kaza tena bolti za fimbo zote mbili, hasa kama umetumia bushi ngumu, kwa sababu mtetemo ambao zamani ulimezwa na mpira sasa unafika kwenye nati.