Jina jipya kwenye majibu ya maabara halimaanishi ugonjwa mpya

Katika miezi ya karibuni dawati la malalamiko la maabara yetu limepokea barua na simu kutoka kwa ndugu wa wagonjwa, na kwa masikitiko hata kutoka kwa baadhi ya watoa huduma za afya, wakihoji kwa nini majibu ya kuotesha damu, yaani kipimo cha kutafuta bakteria waliomo katika damu, yaliyotolewa kwa jina moja la bakteria yamefuatiwa, wiki kadhaa baadaye, na majibu yaliyorekebishwa yenye jina jingine. Wapo wanaodhani tulikosea, na wapo wanaodhani sampuli zilichanganywa. Wapo pia, na hawa huongezeka kila gazeti linapoandika kwamba bakteria mpya amegunduliwa, wanaoamini kuwa kimelea ambacho hakikuwapo jana kimezuka leo na kwamba mgonjwa wao ndiye wa kwanza duniani kukipata.

Mama mmoja alifika dirishani kwetu akiwa na picha mbili kwenye simu yake. Ya kwanza ilisomeka "kundi la Enterobacter cloacae", ya pili "Enterobacter bugandensis". Akauliza, kwa upole unaostahili kujibiwa vizuri kuliko alivyojibiwa siku ile, mwanawe alitibiwa ugonjwa upi kati ya hiyo miwili. Alitibiwa maambukizi ya damu, yaleyale. Kimelea kilikuwa kilekile, kimetoka katika chupa ileile, na bado kimo ndani ya friza yetu kikiwa na namba ileile. Safu ya dawa katika karatasi hizo mbili, ile inayoonyesha dawa ipi inakiua kimelea na ipi haikigusi, haikutofautiana hata kwa herufi moja. Daktari alimtibu mtoto kwa safu hiyo, na ndivyo ilivyopasa.

Spishi hiyo ya pili, yaani aina hiyo ya bakteria iitwayo Enterobacter bugandensis, ina historia inayotuhusu moja kwa moja. Jina lake lilichapishwa mwaka 2016, na vimelea vilivyotumika kuielezea vilitoka katika damu ya watoto wachanga wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani. Kiambishi "-ensis" katika Kilatini huonyesha kitu cha mahali fulani, kama sisi tunavyosema "wa Mwanza" au "wa Pemba". Kwa hiyo bugandensis ni wa Bugando, na naomba wanaoandika mitandaoni kwamba ni bakteria wa Buganda waangalie ramani kabla ya kuwasumbua jirani zetu. Jina la mahali halina maana kwamba bakteria alizaliwa hapo wala kwamba hospitali ni chafu. Lina maana kwamba hapo ndipo palikuwa na watu waliootesha damu inavyotakiwa, wakahifadhi walichokipata, na hawakuridhika na jina la karibu. Mwaka 2018 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, walichapisha taarifa ya spishi hiyohiyo iliyookotwa mwaka 2015 ndani ya kituo cha kimataifa cha anga, chooni na kwenye jukwaa la mazoezi, na jenomu (vinasaba vyote vya kimelea) walizozisoma wakazilinganisha na za vimelea vya wagonjwa, mmoja wao akiwa mtoto wa Mwanza. Hakuna aliyeibeba kutoka Bugando kwenda angani. Ilikuwapo kila mahali siku zote, ikiitwa kwa jina la nduguye.

Kuhusu namna tunavyofikia jina, naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa lawama nyingi huanzia hapa. Chupa ya damu ikionyesha ukuaji, tunapaka tone kwenye kioo, tunatia rangi ya Gram inayogawa bakteria katika makundi makuu mawili, na matokeo ya hadubini hupigiwa simu wodini siku hiyohiyo. Tunaotesha kwenye sahani za agari (chakula cha kukuzia bakteria) ya damu na ya MacConkey, na asubuhi inayofuata tunasoma. Kwa kimelea cha jamii hii, sahani ya MacConkey huwa na madoa ya waridi, yenye unyevu, yanayofanana na ya ndugu zake wengi kiasi kwamba anayekuambia anawatofautisha kwa macho anakudanganya. Kinachofuata ni kibao cha API chenye vijishimo 20, ambavyo hubadilika rangi na kutupatia namba ya tarakimu 7, au, mahali palipo na mashine ya MALDI-TOF, vipimo vya protini vinavyochukua dakika chache. Katika mfumo wa mashine hiyo unaotumika zaidi, alama ya 2.0 na kuendelea huturuhusu kutaja spishi, alama kati ya 1.7 na 2.0 huturuhusu kutaja jenasi tu, yaani ukoo wa spishi za karibu kama Enterobacter, na chini ya hapo hatutaji kitu. Lakini mashine hulinganisha na maktaba yake. Ikiwa spishi haimo katika maktaba, itakupa jina la jirani kwa ujasiri mkubwa, na hapo ndipo jina la kwanza katika simu ya yule mama lilipotoka. Ndiyo maana tuliandika "kundi la" na hatukuandika jina tupu. Neno hilo dogo liliwekwa kwa makusudi, na kwa bahati mbaya ndilo ambalo hakuna anayelisoma.

Tunapokuwa na sababu ya kushuku, tunakwenda kwenye vinasaba. Jeni ya 16S, yenye herufi zipatazo 1,500, ndiyo mlango wa kwanza: ikifanana na ya spishi inayojulikana kwa chini ya asilimia 98.7 hivi, tuna sababu ya kuamini kwamba tumekutana na kitu kisichokuwa na jina. Ikizidi hapo, bado hatujui, kwa kuwa ndani ya Enterobacter spishi tofauti zinaweza kuwa na jeni hiyo karibu sawa kabisa. Hapo husomwa jenomu nzima, ikalinganishwa na jenomu za ndugu zake wote wa karibu, na mpaka unaokubalika ni wastani wa mfanano wa asilimia 95 hadi 96. Chini ya mpaka huo ni spishi mbili. Kabla ya teknolojia hii kipimo kilikuwa kuunganisha vinasaba vya bakteria wawili maabarani na kuona kama vinashikana kwa asilimia 70, kigezo kilichowekwa mwaka 1987, na hesabu za leo zimepangwa zioane nacho. Wanaotuuliza kwa nini hatukusema mapema wajue kwamba kipimo cha kusoma jenomu hakifanyiki kwa kila chupa, hakilipwi na bima, na hakina faida kwa mgonjwa aliye kitandani leo.

Kutambua kwamba ni spishi mpya hakutoshi kuipa jina. Majina ya bakteria yanatawaliwa na Kanuni za Kimataifa, na orodha ya kuanzia ni ile ya tarehe 1 Januari 1980. Jina ambalo halikuingizwa humo wala halikuthibitishwa baadaye halitambuliki, hata kama limeandikwa katika vitabu mia. Jina jipya ni lazima lichapishwe katika IJSEM, jarida la kimataifa la uainishaji wa bakteria, au likichapishwa kwingine lipelekwe huko liingie katika orodha ya uthibitisho. Ni lazima lielezewe asili yake. Ni lazima kiteuliwe kimelea kimoja kuwa kielelezo cha spishi, nacho kiwekwe hai katika hazina mbili za vimelea zilizo katika nchi mbili tofauti, na hazina hizo zitoe hati kwamba kimepokelewa na kwamba kinapatikana kwa mtafiti yeyote anayekihitaji. Kielelezo kilichowekwa kwa masharti ya kutogawiwa hakikubaliki, na jina linakwama. Hapa maabara za nchi zetu hubanwa pande mbili. Tunatakiwa, kwa haki kabisa, kulinda vielelezo vinavyotoka kwa wananchi wetu. Na tunatakiwa kuviachia ili jina lisimame. Sina jibu rahisi, na anayesema analo pengine hajawahi kujaza fomu hizo.

Kwa kuwa nimetaja kuweka vimelea katika hazina za nchi mbili, jambo linalohitaji kuvisafirisha, nijibu tuhuma inayorudiwa kwamba damu za wagonjwa huuzwa nje. Kinachosafirishwa katika kazi hii ni bakteria waliooteshwa, wametenganishwa na damu siku nyingi, wala hawabebi jina la mgonjwa. Kielelezo cha utafiti hakitoki nchini bila kibali cha maadili na mkataba wa kuhamisha vielelezo, unaopitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kifungashio huwa na tabaka tatu: chombo cha kwanza kisichovuja, cha pili kisichovuja, katikati yao kitu cha kufyonza kinachoweza kunywa maji yote endapo cha kwanza kitapasuka, na kasha gumu la nje ambalo angalau upande wake mmoja una milimita 100 kwa 100. Kwa vimelea vya kundi B, yaani visivyo katika kundi la hatari zaidi, alama ya mraba uliosimama kwa pembe yenye UN 3373 (namba ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya aina hii) hubandikwa ikiwa na pande zisizopungua milimita 50 na maandishi yenye kimo kisichopungua milimita 6. Kifurushi chenye alama ya milimita 45 hurudishwa. Nimeshuhudia kikirudishwa, na kimelea kilichokuwa ndani kilikufa kwa joto ghalani wakati sisi tukitafuta kibandiko.

Kuhusu siri za mgonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Nasema hili kwa wenzetu wa wodini zaidi kuliko kwa wananchi. Karatasi ya majibu yenye jina geni la bakteria siyo kitu cha kupiga picha na kurusha kwenye kundi la WhatsApp kwa ajili ya mshangao. Mtoto aliyeandikwa kwenye fomu "Mtoto wa" likafuata jina la mama yake anajulikana kwa kila anayemjua mama huyo.

Siyo kila kinachogunduliwa hupewa cheo cha spishi, na hili pia lieleweke. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba vimelea viwili vya kifua kikuu visivyosikia dawa ya rifampisini, kimoja kutoka Rwanda na kingine kutoka Uganda, ni vya ukoo wa nane ambao haukujulikana, uliojitenga mapema kuliko koo nyingine zote za Mycobacterium tuberculosis. Ugunduzi ulikuwa mkubwa kwa wanaofuatilia asili ya ugonjwa huo katika eneo letu la Maziwa Makuu, lakini jina la spishi halikubadilika, kwa sababu tofauti yake na wenzake ni ndogo mno. Kinyume chake kipo pia. Kwa vinasaba, Yersinia pestis anayeleta tauni ni wa spishi moja na nduguye asiye mkali, Yersinia pseudotuberculosis, na ilipendekezwa jina lake lifuate ukweli huo. Mwaka 1985 kamati ya hukumu ya Kanuni ililikataa pendekezo, kwa hoja kwamba daktari akisoma jina la yule mpole kwenye karatasi ya mgonjwa wa tauni, watu watakufa. Wanaodhani sisi wa majina tunacheza na Kilatini wangesoma uamuzi huo.

Sehemu ambayo mwananchi na mtoa huduma wanaweza kuisaidia kazi hii iko mwanzoni kabisa, wakati wa kuchukua sampuli. Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Kwa mtu mzima kila chupa ipate mililita 8 hadi 10. Kwa mtoto mchanga mililita 1 hutosha, katika chupa ya watoto. Ngozi isafishwe na iachwe ikauke, kwa kuwa nusu ya "bakteria wa ajabu" tunaoletewa kwa msisimko ni wakazi wa ngozi ya mgonjwa au ya aliyemchoma sindano. Chupa isiyo na jina, tarehe na saa hupokelewa dirishani, hurekodiwa katika daftari la sampuli zilizokataliwa, na mwombaji hujulishwa; kwa damu ya mtoto mchanga tunapiga simu kwanza, maana kuirudia si jambo dogo. Na ndugu wa mgonjwa wasimzuie muuguzi kuchukua chupa ya pili kwa madai kwamba damu inamalizwa. Chupa ya pili ndiyo inayotuambia kama kilichoota katika chupa ya kwanza kilikuwa kimelea au uchafu, na spishi yoyote inayodaiwa kuwa mpya kutokana na chupa moja tu tunaitazama kwa mashaka.

Majibu yaliyorekebishwa yanatambulika kwa neno "MAREKEBISHO" juu ya jina la mgonjwa, tarehe mbili, na saini ya msimamizi wa kitengo. Hayatolewi kwa simu peke yake. Safu ya dawa ikiwa haikubadilika, itaandikwa chini yake kwamba haikubadilika, na matibabu yanaendelea kama daktari alivyoyapanga. Ikiwa imebadilika, wodi itakuwa imepigiwa simu kabla karatasi haijachapishwa, na jina la aliyepokea simu limeandikwa. Mwenye shaka afike na karatasi zote mbili, ya kwanza na ya pili, siku za kazi, aulize kitengo cha bakteria. Picha ya simu iliyokatwa sehemu ya chini haitusaidii, kwa kuwa maelezo ya marekebisho yako chini.